Mwaka Tuliopoteza Fundi Mkuu

Asalaam aleikum, ndugu zangu Waislamu, na amani ya Bwana iwe kwenu mliokuwa nami kanisani jana. Mtaniwia radhi nikisema nikiwa nimekaa. Nyonga hii hainipi ruhusa ya kusimama muda mrefu. Mwenyekiti ameniomba niseme neno kabla hatujampokea fundi mkuu mpya wa karakana ya chama chetu cha madereva na mafundi. Nitasema yaliyonipata, ila sitataja jina la mtu. Walio hapa watajijua wenyewe.

Nyinyi mnanijua kama dereva wa lori la maji. Lakini wakati wa vita vile vya shifta, serikali ikipigana na waasi wa huku kwetu, nilikuwa dereva wa gari la mashindano. Usicheke, mama, ni kweli! Mfanyabiashara mmoja wa hapa Garissa, mwenye malori ya mizigo, alipenda mbio za magari kuliko chakula. Alinunua gari dogo la Kifaransa, akatafuta mafundi, na mimi, kijana wa Kikamba niliyeletwa huku kuendesha lori lake, akanikabidhi usukani. Kila mwaka, msimu wa mvua, tulikwenda Nairobi kuingia katika mbio ndefu zile, siku kadhaa za matope, mawe na vumbi. Katika mbio za namna ile kumaliza tu ni sifa. Magari mengi hubaki njiani yakivutwa na ng'ombe.

Sisi tulimaliza. Mara mbili mfululizo tulimaliza. Na nawaambia ukweli, haikuwa kwa ajili ya dereva. Ilikuwa kwa ajili ya fundi wetu mkuu, mzee mmoja Msomali aliyejifunza ufundi kwa kufuata magari ya jeshi alipokuwa kijana. Gari lake halikuwa la mbio sana mlimani, lakini halikuvunjika. Alikuwa na desturi zake. Fundi wa magurudumu, ambaye alikuwa mtoto wa dada yake, mtu mzima mwenye mke na watoto, alikaza nati za habu, kile kitovu cha gurudumu, kisha akaacha hapo hapo, asiweke pini ile ya kuizuia nati isifunguke. Asubuhi ya safari mzee alizunguka gari lote, akashika kila gurudumu kwa mikono miwili, akalitikisa, akasikiliza. Akiridhika alinyoosha kiganja, akasema kwa lafudhi yake, "Bini!" Mpwa wake akampa pini, mzee akaitia mwenyewe na kuikunja kwa koleo. Hakuna mtu mwingine aliyegusa pini. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na hakuna aliyeiandika popote. Tuliona ndivyo ulimwengu ulivyo.

Ndugu zangu, mnakumbuka hali ilivyokuwa. Amri ya kutotoka nje jioni. Msafara wa malori na askari mbele na nyuma. Pasi ya kwenda hata kuchota maji, kama wewe ni Msomali. Kisha ikaja amri ya watu kukusanywa katika vijiji vya seng'enge. Alasiri moja mzee akaambiwa akusanye familia yake, akapandishwa lori. Tulikuwa tumelala chini ya gari, tukasikia tu sauti yake nje akimwita mpwa wake, "Warya! Chunga gari!" Tulipotoka, vumbi. Mpwa wake alibaki kwa sababu tajiri wetu alimwombea pasi ya kufanya kazi mjini. Lakini mzee alikwenda, na yote aliyoyajua akaenda nayo.

Tajiri akaleta fundi mkuu mwingine kutoka Nairobi. Nataka mnielewe vizuri hapa. Huyu hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa fundi wa kubahatisha. Alikuwa hodari. Alifungua kabureta, akabadilisha springi, akapunguza uzito, na gari likaanza kupanda mlima kama mbuzi. Mara ya kwanza nilipolijaribu ng'ambo ya daraja nilicheka peke yangu. Akapanga kazi upya pia: kila fundi na sehemu yake, aimalize mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Ni utaratibu mzuri, sivyo?

Tatizo lilikuwa ukimya. Mafundi walizungumza Kisomali wao kwa wao, yeye akadhani anasengenywa. Yeye alitoa amri kwa haraka, wao wakadhani wanadharauliwa. Wakati ule mtu wa bara na Msomali waliangaliana kwa jicho la upande hata dukani. Walifanya kazi gari moja, na chai wakanywa mbalimbali.

Tangu aje, hakuna habu iliyokuwa imefunguliwa. Siku moja kabla ya safari ndipo ile ya mbele kushoto ilifunguliwa kwa mara ya kwanza, ili ipakwe grisi mpya. Asubuhi ya kuondoka fundi wa magurudumu alikaza nati ya kushoto, akaweka pini juu ya bodi, akaenda kuleta madebe ya petroli akingoja mkubwa wake aje kutikisa gurudumu, kama ilivyokuwa siku zote. Mkubwa akaja. Filimbi za askari zilikuwa zinalia, msafara unataka kutoka. Akaona nati imekaa sawa, akajua mwenye kazi amemaliza kazi yake, akagonga kifuniko cha habu mahali pake. Fundi wa magurudumu aliporudi akakuta kifuniko kimefungwa na pini haipo juu ya bodi. Akajua mkubwa ameitia. Ilikuwa imeanguka mchangani. Tukaondoka.

Siku ya kwanza ya mbio tuliruka. Watu wa Nairobi waliuliza, "Hawa wa Garissa wametoka wapi?" Siku ya pili, kwenye mteremko wa mawe katika vilima vya Machakos, niliona gurudumu likinipita upande wa kushoto, likikimbia mbele yangu peke yake. Nikajiuliza, gurudumu la nani hilo? Sikuwahi kujijibu. Gari liliinamisha pua, likabingirika.

Mwenzangu msoma ramani alitoka na michubuko. Mimi nilivunjika paja na nyonga. Nililala hospitalini nikiwa nimefungwa mguu juu kama ndama anayechinjwa, na kila nikifumba macho niliona lile gurudumu.

Siku chache baadaye yule fundi mkuu mpya akaja kitandani kwangu. Hakukaa. Alishika chuma cha kitanda.

"Bwana dereva," akasema, "pini haikukatika. Haikuwepo kabisa."



"Askari wamemkamata mwenzetu wa magurudumu. Wanasema ni mtu wa shifta, amelitega gari. Wananitaka nithibitishe kwamba kazi ya magurudumu ni yake."

"Ni yake?"

"Nilimpa mimi. Kukaza, kutia pini, yote."

"Yule hajatia pini hata siku moja maishani mwake," nikamwambia. Nikamweleza desturi ya mzee: kutikisa, kusikiliza, kunyoosha kiganja. Nilimwona akibadilika uso. Akaketi sasa, chini, sakafuni kabisa.

"Kifuniko nilikifunga mimi," akasema. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Hakuna aliyejua kwamba hujui."

Muuguzi akapita, akamwambia ainuke, hakumsikia. Kisha akasimama, akajipangusa suruali. "Nitarudi Garissa na msafara wa kwanza. Nitawaambia."

"Watakufukuza kazi. Pengine watakufunga."

"Na yeye watamfanya nini?"

Ndugu zangu, sote tulijua. Wakati ule mtu akishatajwa kwa neno lile, hakukuwa na mtu wa kumsikiliza tena. Fundi mkuu huyu hakuwa amekaa Garissa hata mwaka. Hakujua lugha yao. Angeweza kunyamaza, na dunia nzima ingempa pole. Alikwenda. Alisimama mbele ya ofisa akasema, "Kama kuna mtu aliyeharibu gari lile, ni mimi niliyefunga bila kutazama." Ofisa alimfukuza ofisini. Kesho yake akarudi. Alirudi mpaka wakamchoka. Yule fundi wa magurudumu akatoka, amekonda, mkono mmoja hauinuki vizuri, lakini akatoka, akalala nyumbani kwake.

Tajiri alikuwa na hasira, na simlaumu. Gari lilikuwa chuma chakavu. Akasema anamtimua fundi yule na kuleta mwingine. Sasa sikilizeni nani alizuia. Alikuwa yule yule aliyetoka kizuizini. Akamwambia tajiri, "Ukifukuza huyu, utaleta wa tatu. Na yeye pia hatajua bini. Huyu sasa anajua."

Tajiri akamtazama. "Wewe, baada ya yaliyokupata?"

"Yaliyonipata ndiyo imemfundisha. Usitupe elimu yangu, tajiri."

Akabaki.

Yeye na mpwa wakaomba ruhusa ya kumwona mzee. Mwanzo waliruhusiwa seng'engeni tu, wao upande huu, mzee upande ule. Mpwa alinisimulia. Fundi mpya alisema, "Mzee, kosa ni langu." Mzee akatikisa kichwa. "Hapana, kijana. Mimi nilitoka na maneno yote ndani ya tumbo. Sikukuachia hata moja." Kisha akamwuliza kuhusu kabureta. Alikuwa amesikia kwamba gari lilipanda mlima, naye alitaka kujua limefanywa nini! Wakabishana pale kwenye seng'enge, mpwa akitafsiri pale Kiswahili kilipowapiga chenga, mpaka askari mlinzi akaanza kutoa maoni yake. Baadaye wakaruhusiwa kuingia na kukaa. Mzee alifundisha kusikiliza gurudumu, kijana alifundisha kabureta. Aliporudi, fundi mkuu alianza kunywa chai na mafundi wake, na kabla ya kugusa kitu aliuliza, "Mzee alikuwa anafanyaje hapa?" Mara nyingine alifuata, mara nyingine alibadilisha. Lakini kwanza aliuliza.

Na mimi? Mfupa ulipona kabla ya moyo. Nilirudishwa Garissa nimelazwa ndani ya lori, nimefumba macho njia nzima, mke wangu akinishika mkono. Baada ya hapo sikuweza kupanda gari lolote. Ndipo dereva mmoja wa msafara akaniletea habari kutoka nyumbani, upande wa Mwingi, kwamba mwaitu, mama yangu mzazi, amefariki. Msafara ulikuwa unaondoka asubuhi. Nilivaa koti. Nilikanyaga ngazi ya lori. Nikashuka. Nikakanyaga tena, nikashuka. Askari akaniambia, "Bwana, unaenda au huendi?" Lori likaondoka, mama yangu akazikwa na ndugu zangu, na mimi nikiwa nimekaa kwenye jiwe mbele ya karakana, nimevaa koti.

Pale kwenye jiwe ndipo waliponikuta wale wawili, fundi mkuu na fundi wa magurudumu. Hawakunihubiria. Waliniinua kila mmoja upande wake, wakaniingiza karakanani. Lile gari letu lilikuwa linajengwa upya, limeinuliwa juu ya mawe, halina hata gurudumu moja.

"Kaa ndani, walaal," akasema fundi wa magurudumu, akiniita ndugu kwa Kisomali. "Haiendi popote."

Nikakaa. Nikalia. Waliniacha nilie, wao wakigonga chuma huko nyuma kama kawaida. Kesho yake nikaja tena nikakaa. Ikawa ndiyo kazi yangu ya alasiri, kukaa ndani ya gari lisilokwenda. Baadaye wakatia magurudumu, wakawasha injini, nikashuka mbio kwa mguu mmoja, wakacheka, nami nikacheka, nikarudi. Siku moja tukasukuma hadi langoni. Siku nyingine nikaendesha mpaka darajani. Na walipopata nafasi katika msafara wa Mwingi, walikaa nami garini, mmoja kushoto na mwingine nyuma yangu, nikaendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Nikasimama kwenye kaburi la mama yangu pamoja na Msomali mmoja na mtu wa Nairobi. Ndugu zangu walishangaa, lakini wakawapa uji.

Mwaka uliofuata tuliingia tena mbioni. Hatukushinda. Mvua ilitupiga, tulikwama, tulivutwa, tulifika Nairobi miongoni mwa wa mwisho. Lakini tulifika kwa magurudumu manne, na kasi tuliyokuwa nayo mlimani haikuwa ya mzee, na uimara tuliokuwa nao mawe yakitupiga haukuwa wa yule kijana. Vilikuwa vya wote wawili.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyenigeuza kitandani na kuniosha bila kuninung'unikia. Namshukuru fundi wa magurudumu, ambaye alikuwa na kila haki ya kutuchukia. Namshukuru yule mzee, aliyetoka kijijini baada ya vita na kukuta kwamba bado tunamhitaji. Na namshukuru mtu yule wa Nairobi aliyekwenda kusema kweli ambayo hakuna aliyemdai.

Somo langu ni dogo. Kiongozi wa kazi akiondoka, anaondoka na mambo ambayo hata yeye hajui kwamba anayajua. Na anayekuja, hata awe hodari namna gani, anaingia nyumba yenye giza. Msimngoje ajikwae ndipo mwanze kunong'ona. Fundi mkuu wetu mpya yuko pale mlangoni, ameshika kofia mkononi, na naona hakuna aliyempisha kwenye benchi. Sogeeni kidogo. Mpeni nafasi akae katikati.