Orrin Haugstad, Aliyetaka Tuseme Ni Moyo

Ndugu, majirani na wawindaji wenzake marehemu mliofika hapa leo, Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, poleni, na asanteni kwa kuja.

Marehemu Orrin Gerhard Haugstad alizaliwa tarehe 3 Februari 1963 kwenye shamba la wazazi wetu, Gerhard na Thelma, hapo juu kilimani, nje kidogo ya kijiji hiki cha Skogdal, Wisconsin. Theluji ilikuwa imefunga barabara, kwa hiyo bibi yetu ndiye aliyekuwa mkunga, na mimi Avis, dada yake, nikiwa na miaka saba, nilitumwa kuchemsha maji. Alitoka akilia kwa sauti iliyofika zizini. Baada ya hapo sikumbuki kumsikia akipandisha sauti, isipokuwa timu yetu ilipofungwa. Alibatizwa katika kanisa hili hili.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na kumaliza sekondari mwaka 1981. Mwalimu wake wa hesabu aliwahi kumwambia mama kwamba kijana ana akili nzuri, ila kuanzia Septemba hadi Desemba huwa hayupo darasani hata akiwa amekaa kwenye dawati. Mwalimu hakukosea. Alipotimiza miaka kumi na miwili baba alimpa upinde wa mti, na tangu siku hiyo bunduki haikumvutia tena. Alikuwa akisema kwamba mwenye bunduki humuua kulungu akiwa mbali, lakini mwenye upinde lazima amngoje mpaka asikie anavyotafuna.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuendesha lori la kukusanya maziwa mashambani, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya mpaka alipougua. Alijua kila zizi katika bonde hili na kila mbwa wa kuogopwa. Jioni, karakana yake ilijaa pinde za watu. Alibadilisha ugwe, alilainisha roda za pinde za kisasa, alinoa chembe za mishale, na malipo yake yalikuwa soseji ya nyama ya kulungu. Ukimletea soseji mbaya alikuambia.

Alikutana na mkewe kwa sababu ya kulungu mdogo. Vuli ya mwaka 1986 alipeleka jike dogo lililokonda kwenye duka la mzee Bakke, ambako siku zile wawindaji waliandikisha nyama zao na mnyama kufungwa kibati mguuni. Aliyekuwa akifunga vibati ni Marlys, binti wa mwenye duka. Alimtazama yule mnyama, akamtazama Orrin, kisha akamuuliza kama mama wa huyu kulungu anajua mtoto wake yuko wapi. Orrin aliondoka na kulungu wake. Kesho yake alirudi bila kulungu, akanunua betri za tochi. Siku iliyofuata akarudi kununua nyingine. Walifunga ndoa kanisani hapa tarehe 10 Juni 1989, na Marlys anasema zile betri ziliwatosha mpaka alipozaliwa Solveig, mtoto wao wa pekee, Aprili 1992.

Oktoba 1998 Orrin alipanda kwenye dungu lake, lile jukwaa dogo la chuma ambalo mwenye upinde hulifunga mtini, akaona uvivu kufunga mkanda. Alianguka. Mbavu tatu zilivunjika, bandama ikapasuka, na madaktari wakaitoa. Walimwonya kwamba mtu asiye na bandama hana kinga kamili ya maradhi ya damu, hivyo homa yoyote kwake si ya kuchezea. Aliitikia. Miaka miwili baadaye alianza kujitolea kufundisha usalama wa uwindaji, kila Agosti, katika ukumbi wa chini wa kanisa hili. Alikuwa akipandisha shati na kuonyesha kovu, na wengi wenu mmeliona. Hakuona haya hata kidogo kuwasimulia uzembe wake wa siku ile.

Sasa nataka niseme kuhusu lile kasha. Kulungu ana pua kali, na mwenye upinde hana budi kuwa karibu naye, kwa hiyo Orrin aliogopa harufu kuliko alivyomwogopa shetani. Alioga kwa sabuni isiyonukia. Siku ya kuwinda hakunywa kahawa, na mtu wa huku asiyekunywa kahawa ujue ana jambo zito. Nguo zake za msituni hazikuingia kabatini. Alizifungia barazani ndani ya kasha la plastiki, pamoja na majani ya mialoni aliyoyazoa chini ya mti wake, ili zinuke msitu. Marlys alimwambia nguo za wanaume wengine hukunjwa, zake zinazikwa. Alicheka, akaendelea kuzoa majani. Na kwenye majani kama hayo ndiko kupe wanakojificha.

Solveig, ambaye amewinda naye tangu utotoni, alimnunulia dawa ya kunyunyizia nguo. Alimweleza kuwa ikishakauka haina harufu. Wakabishana jikoni mwezi Septemba, mimi nikiwepo.

“Baba, nusa koti langu. Kuna harufu hapo?”

“Mimi sisikii kitu, mwanangu. Lakini mimi siyo kulungu.”

“Na bandama huna.”

“Nina mke na binti wa kunikumbusha kila siku. Inatosha.”

Chupa aliyonunuliwa bado iko juu ya friji. Haijafunguliwa.

Katikati ya Oktoba alianza kusikia baridi na kutokwa jasho usiku. Alisema ni mafua. Kila mtu hapa anajua mwisho wa Oktoba ni wakati gani: madume wanahangaika kutafuta majike na kusahau tahadhari, na mwenye upinde hukaa mwaka mzima akizingoja wiki hizo. Alimeza vidonge vya homa na kupanda dunguni, akitetemeka. Tarehe 2 Novemba Marlys aliona mkojo wake una rangi ya kahawa, akamnyang'anya funguo za gari na kumpeleka hospitali. Madaktari walipima damu, na siku hiyo hiyo wakaviona vimelea. Walitueleza kwamba huletwa na kupe, na kwamba hushambulia chembe nyekundu za damu, karibu na vile malaria inavyofanya. Mtu mwenye bandama mara nyingi hupona, pengine hata asijue kuwa aliugua. Walimpa dawa, wakambadilishia damu. Walifanya kila walichoweza na tunawashukuru, ila tulikuwa tumechelewa kumfikisha.

Jumatatu tarehe 6 alipata nafuu kidogo akaweza kuzungumza. Alituomba mimi na Marlys tusogee.

“Nikifa, semeni ni moyo.”

Marlys alimuuliza kwa nini.

“Miaka ishirini na tatu nawafundisha watu usalama, halafu niuawe na mdudu wa ukubwa wa punje ya ufuta? Watanicheka, mke wangu. Watasimama pale makaburini wanacheka.”

Nilimwambia anyamaze, hafi mtu hapa.  Marlys alimshika mkono, akamwambia sawa, tutasema ni moyo. Orrin alifariki Alhamisi tarehe 9 Novemba asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa kando yake. Nimezika wazazi na nimezika mume. Sikujua kwamba nitamzika na huyu niliyemchemshia maji, na inauma kuliko ninavyoweza kuandika.

Mara ya kwanza niliandika wasifu huu Ijumaa, nikaandika moyo. Jumamosi mchana Solveig alikwenda msituni peke yake kushusha dungu la baba yake. Alirudi amevaa koti la baba yake, lile la kwenye kasha. Alisema alitaka kuwa naye kidogo. Marlys alimtazama pale mlangoni, akamwamuru avue nguo zote hapo hapo jikoni, na Solveig, ambaye sasa ni mama wa mtu, alivua bila kubisha. Mama yake alimkagua jinsi alivyokuwa akimkagua utotoni: nyuma ya masikio, kwapani, kwenye nywele, nyuma ya magoti. Nyuma ya goti la kushoto alimkuta kupe, ameshauma. Alimng'oa kwa kibano, polepole, akamtia kwenye chupa ya spiriti. Hakulia. Alinawa mikono kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

“Wifi, ile karatasi yako uiandike upya.”

“Tulimwahidi, Marlys.”

“Nilimwahidi mimi. Nikikutana naye nitajibu mimi. Andika kupe.”

Basi nimeandika. Moyo wa Orrin ulikuwa mzima, daktari mwenyewe alisema. Kupe ndiye aliyemuua, na hata mahali alipomuuma hatukupaona. Jumamosi hii msimu wa bunduki unafunguliwa, na nusu yenu mliovaa suti hapa mtakuwa msituni kabla ya jua kuchomoza. Nawaombeni mnyunyizie nguo zenu dawa. Mkirudi jioni, vueni, mkaguliwe na mke, na mume, na mama, na yeyote aliyemo nyumbani. Ukipata homa nenda hospitali, na useme kwamba ulikuwa msituni. Kulungu akikunusa akakimbia, mwakani utamkuta.

Marehemu ameacha mjane, Marlys, binti, Solveig, ambaye yuko chini ya uangalizi wa daktari na mpaka leo hana homa, mkwe, Curt, mjukuu, Nels, mwenye miaka minne, na mimi dada yake.

Orrin, mdogo wangu, nimewaambia wote. Hakuna anayecheka. Sasa pumzika.