Risala ya Ploti ya Mfereji Mmoja Kuhusu Redio Zetu za Kebo

Mgeni rasmi, Bi Nyawira, meneja wa kampuni ya kebo. Mwenye ploti, Mzee Zacharia. Majirani, na watoto mliokalia ndoo: hamjambo nyote?

MAKARIBISHO
Sisi wapangaji wa Ploti ya Mfereji Mmoja, hapa Kiganjo, tunasema karibu. Tulidhani utatuma mtu. Umekuja mwenyewe kutoka Ruiru, ukanywa chai yetu ukaongeza kikombe. Tayari tunakupenda.

HISTORIA
Kebo yenu iliingia hapa miaka saba iliyopita. Wengine walifuata mpira. Wengi tulifuata zile stesheni za redio za mwisho mwisho kwenye televisheni, kioo cheusi, sauti safi. Redio ya kawaida huku inakwaruza mashine za Eneo la Viwanda zikiwaka. Anayesoma risala hii amehamahama, Githurai 45 na kwingine asikotaka kutaja, na hajaona ploti nyingine ambayo milango kumi na moja inasikiza taarifa moja.

MAFANIKIO
Cucu Amida, nyanya yetu wa mlango wa tatu, alipoteza macho mwaka uleule. Bila mkutano, tukazoea: aliye nyumbani aweke stesheni ya taarifa, mlango wazi. Cucu akifuata ile sauti, mlango kwa mlango, anafika mferejini na ndoo yake na anarudi. Siku jirani yetu Benta alipoweka muziki wake, alimsikia Cucu kutoka nje: "Benta! Umeninyang'anya mlango wa tano!"

Naye Cucu akatufumia vitambaa vya kufunika televisheni, kila nyumba chake. Kioo cheusi kilikuwa kinakula vumbi tu.

CHANGAMOTO
Mwezi wa pili mwaka huu alikuja afisa wenu kuandika stesheni tunazotazama. Akakuta televisheni zote zimevaa vitambaa. "Hizi hamzitumii?" Mwenzetu Beth akamwambia, "Kunywa chai kwanza." Akanywa, akaandika, akaenda. Sauti aliyoisikia labda alidhani ni ya simu. Hatukufunua hata kitambaa kimoja. Hilo kosa ni letu.

Mwezi wa nne redio zikapotea. Barua yenu ilisema hakuna anayezitumia.

Tumejaribu redio ya simu, bando ya intaneti inaisha kabla ya taarifa ya saa saba. Tumejaribu kumshika Cucu mkono. "Wacha mkono," alimwambia jirani yetu Makau, "mimi si gunia la viazi." Sasa ndoo tunamjazia sisi, na yeye hatoki. Juzi alisema, "Kumbe redio niliifunika kwa mikono yangu mwenyewe." Tukamkatalia sote kwa kelele. Hakuamini.

MAOMBI
Hatuombi zote. Turudishie moja, ile ya taarifa.

La pili ni la leo. Mlango wa tatu uko wazi, na tunasoma kwa nguvu makusudi, Cucu asikie. Ukiondoka, pita umwambie kwa mdomo wako kwamba si yeye. Sisi anadhani tunamdekeza. Wewe atakuamini.

Zawadi yako ni hiki kitambaa cha samawati. Ni nusu, na sindano bado inaning'inia. Alikiacha siku redio ziliponyamaza. Amesema usikate uzi. Sauti ikirudi, kilete akimalize.

Mungu akujalie nyumba isiyo kimya, na barabara nyeupe hadi Ruiru.

Ni sisi, wapangaji wa Ploti ya Mfereji Mmoja, Kiganjo, Thika.
Msomaji: Mzee Kitonga, mlango wa kumi na moja.