Nukta ya Namba Kumi na Saba

Ndugu, jamaa, majirani na walimu mlio hapa, pamoja nanyi mnaotusikiliza kupitia simu iliyosimamishwa kwenye kiti pale mbele: mimi ni mdogo wake marehemu, na nimepewa dakika saba za kumweleza. Yeye mwenyewe angenipa tano, halafu angenisimamisha ya nne.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, wa kwanza kati ya watoto wawili wa baba fundi saa na mama mshona mashuka ya hospitali. Tulikaa vyumba viwili, na kimoja kilijaa saa za watu, kila moja ikienda kwa wakati wake. Alipoanza shule ya msingi Januari 1964, mimi nilikuwa na miaka minne, na kila jioni alirudi kunifundisha. Alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua daftari, akaita jina langu. Nilikuwa mwanafunzi peke yangu, na nisipoitika aliniandika sikuja, huku ananitazama.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1970 na sekondari mwaka 1974. Desemba 1976 alihitimu chuo cha ualimu, somo la hisabati. Mwezi uliofuata aliripoti shule ya sekondari ya kutwa iliyo nyuma ya karakana ya reli, akakaa hapo miaka arobaini, hadi alipostaafu Machi 2017. Aliwahi kuhamishwa mara moja kwa makosa ya karani, akarudishwa baada ya wiki mbili, na hizo wiki mbili hakuzisahau wala hakumsamehe karani.

Wanafunzi walimwita Mahudhurio. Kipindi hakikuanza mpaka kila jina liitwe na kila mtu aseme "nipo". Aliyekuja alipata vema kwa wino. Asiyekuja hakuandikiwa sifuri papo hapo. Aliwekewa nukta ndogo kwa penseli, kwa sababu penseli inafutika. "Huyu hajakosa," alikuwa akisema. "Huyu amechelewa tu."

Tarehe 18 Agosti 1984 alimuoa mkutubi wa shule hiyohiyo. Uchumba wao ulikuwa wa ajabu: aliazima atlasi ileile mara tisa, yeye mwalimu wa hisabati. Mara ya kumi wifi yangu akamwambia, "Mwalimu, kama umepotea njia, si useme tu unakotaka kwenda." Akasema. Walijaliwa watoto watatu.

Shule zilipofungwa mwaka 2020, walimu wa sehemu mbalimbali walianza kukutana mtandaoni kila Alhamisi saa kumi jioni, kujadiliana jinsi ya kufundisha kwa simu, kompyuta na video. Wakamwalika, mstaafu wa watu, ili awe na jambo la kufanya. Alhamisi ya kwanza alichukua daftari jipya, akaandika kila aliyemwona kwenye skrini na kumpa namba. Yeye mwenyewe alikuwa namba moja. Wiki iliyofuata, kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, Kaka alikwishaanza kuita majina. Wengine walicheka chini chini. Baada ya mwezi mmoja, kikao kilikuwa hakianzi bila yeye, na watu wazima wenye shahada zao waliitika "nipo" kama watoto.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo nyumbani kwetu linasimuliwa mpaka leo. Alitundika ubao nyuma yake ili awaonyeshe wenzake namna anavyofundisha. Lakini kompyuta ilimwonyesha picha yake kama kioo kinavyofanya, na maandishi aliyaona yamegeuka. Hakumuuliza mtu, Kaka na kuuliza walikuwa hawaivi. Wiki mbili alijifungia chumbani na chaki, akijifunza kuandika kinyumenyume, mpaka kwenye skrini yake maneno yakasomeka sawasawa. Alhamisi ikafika. Akaandika kanuni ya eneo la duara kwa mwandiko wa kupendeza, akageuka, akauliza kama kuna swali. Walimu thelathini hawakuwa wameambulia hata herufi moja, na wote wakanyamaza kwa heshima ya mvi zake.

Baada ya kikao alipigiwa simu na namba kumi na saba, mwalimu wa biolojia, binti aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini. "Shikamoo Mwalimu," akamwambia. "Sisi huku tunakuona kawaida kabisa. Wiki ijayo andika tu ulivyozoea." Hakucheka, na hakumwambia mtu. Kaka ndiye aliyetusimulia, akijicheka mpaka machozi.

Sasa nisome sehemu ambayo wifi angependa niiruke, lakini Kaka mwenyewe alitaka isomwe. Tarehe 7 Machi 2024 ilikuwa zamu ya namba kumi na saba kuonyesha somo. Alitengeneza picha inayotembea ya moyo ukisukuma damu, kazi ya majuma mengi. Mtandao ukamsaliti. Moyo ukaganda, naye hakujua, akaendelea kueleza mapafu. Kaka alidhani amezima kipaza sauti chake. Akacheka, akamwambia mkewe kwa sauti ya darasani, "Huyu mtoto angechora tu ubaoni, saa hizi tungekuwa tunakunywa chai." Kikao kizima kilisikia. Binti akasema "asanteni", akaondoka.

Kaka alimpigia, simu haikupokelewa. Alimwandikia, hakujibiwa. Siku zile alikosa raha kabisa. "Nimemcheka mtu aliyenisitiri," aliniambia, na ilikuwa kweli. Tangu hapo, kila Alhamisi alipofika namba kumi na saba aliita jina, akangoja, saa ya baba ikigonga ukutani, kisha akaweka nukta kwa penseli. Mwenyekiti alimshauri amfute, maana ameshaacha. Kaka akamjibu, "Amechelewa tu."

Mwanzoni mwa mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya koo. Kufikia Julai sauti ilikuwa imekwisha. Sikuwahi kuona mtu akililia sauti yake kama yeye. Alilia wazi, bila kujificha. Wifi akashika zamu ya kuita, Kaka ameketi pembeni yake na penseli.

Tarehe 23 Oktoba wifi aliita namba kumi na saba, akangoja kama desturi. Zilikuwa zimepita Alhamisi themanini na nne. Ghafla sauti ikauliza, "Mwalimu yuko wapi? Mbona siku hizi anaita mama?" Ikajulikana kwamba vikao hurekodiwa na kutumwa kwa wote, na binti huyu kila wiki alikuwa akisikiliza mpaka jina lake, kisha anazima. Wifi akamwambia, "Yuko hapa mwanangu. Sauti ndiyo haipo." Kisha binti akasema, "Basi mimi nipo."

Kaka alifuta nukta, akaweka vema kwa wino. Halafu akaomba chaki. Mimi na wifi tulimshika, kila mmoja mkono mmoja, akasimama ubaoni, akaandika neno moja. Alilipindua makusudi, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa ustadi uleule wa wiki zake mbili. Lilikuwa "samahani". Akageuka kwenye kamera, akafungua mikono, akangoja achekwe. Na namba kumi na saba akacheka, kicheko cha mtu anayelia, na kaka yangu akaketi ametua mzigo.

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa mbili asubuhi, nyumbani, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo mmoja ambaye ndiye mimi, na walimu thelathini wa Alhamisi. Namba kumi na saba amesafiri tangu jana, yuko nasi hapa, na daftari amekabidhiwa yeye.

Upumzike kwa amani, Kaka. Leo umeita mapema kuliko tulivyotaka, lakini mwanafunzi wako wa kwenye ndoo amesikia. Nipo.