Mama Fuwele Anatuachia Kabati la Baridi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika maabara yetu ya kemia-biofizikia, Mtafiti Mkuu, ambaye sote tunamwita Mama Fuwele, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya jarida imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu meza zetu zimepakana muda wote huo, na kwa sababu nimemwoa mdogo wake. Hakuna aliyeniuliza kama nina wivu. Ninao, na nitajitahidi kuubana.

Aliajiriwa akiwa mtafiti msaidizi, wiki moja na mimi, ingawa kiumri amenitangulia. Kazi ilikuwa ile ile. Protini haionekani hata kwa hadubini, na ukitaka kujua umbo lake huna budi kuibembeleza itulie, igande iwe fuwele, ndipo uipige eksirei. Unachanganya matone yake na chumvi, unayafunika kwenye trei, unaiweka trei katika kabati la baridi, unasubiri. Mara nyingi unachopata ni uchafu unaofanana na maziwa yaliyoharibika. Kwa maziwa yaliyoharibika, mimi ni bingwa.

Mwaka wetu wa tatu umeme ulikatika wikendi nzima, kabati likapata joto. Jumatatu tulisonya, tukamwaga trei zetu, tukaosha vyombo. Yeye alichungulia kwanza. Ndani ya tone moja zilikuwamo fuwele, safi, zenye kona kali kama vipande vya kioo. Trei yangu ilikuwa rafu ile ile, imepata joto lile lile, na mpaka leo sijui nilimwaga nini. Inaniuma jamani, acheni niseme.

Kuanzia hapo mambo yake yakawa mteremko. Umbo la protini ile, ya kimelea kinachoshambulia damu, lilipochapishwa, watengenezaji dawa walipiga simu mfululizo wakitaka kujua wakigonge wapi. Akapata uzamivu, tuzo, safari, na picha ukutani pale mapokezi. Amelea watafiti wengi, wengine leo ni mabosi zetu, na hajawahi kumfokea hata mmoja. Hilo nalo linaudhi. Nyumbani hakuna nafuu: nikikosana na mke wangu nakumbushwa dada angefanyaje, na mama mkwe akinitambulisha kwa wageni husema huyu naye yuko kule kule kwa dada.

Sasa lile la vumbi. Wenye kazi hii wanajua kwamba fuwele zikishaota mahali, chembe zake zisizoonekana hubaki kwenye koti na nywele za mtu. Zikidondokea tone la protini ya jamii hiyo, tone nalo huziiga likaganda. Ndiyo maana wenzetu wa ghorofa ya juu kila wakikwama walimwalika chai, wakampitisha makusudi katikati ya trei zao. Naamini alijua. Chai alikunywa.

Protini ninayohangaika nayo mimi ni ndugu wa ile yake. Kwa hiyo nilihamisha trei zangu chumba kingine, nikatia kufuli kabati, nikabandika tangazo mlangoni kwamba Mama Fuwele asiingie. Watu walicheka, nikawaacha wacheke. Nilitaka fuwele moja tu ambayo hakuna atakayesema imetokana na vumbi la shemeji. Miaka ikaenda, maziwa yakaendelea kuharibika.

Wiki iliyopita nilisalimu amri. Nilibandua tangazo, nikamwomba aje na koti lake, ainame juu ya trei yangu, hata akitaka apunge mikono kidogo. Alikuja. Alilivua koti akaliacha kwenye korido, akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti.

“Shemeji,” aliniambia, “ikiota leo utanichukia mpaka kaburini. Ngoja niondoke kwanza.”

Kisha akaenda zake ghorofa ya juu, kulikuwa na chai. Hata kukataa anakataa vizuri kuliko mimi ninavyokubali.

Shemeji, kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru kwa kazi, kwa subira, na kwa kutuvumilia, mimi hasa. Nenda kapumzike. Lala mpaka jua likufuate kitandani, wajukuu wakuchoshe, afya isikupige chenga. Trei yangu nimeirudisha kabatini. Ikiota, ni yangu. Isipoota, nayo ni yangu, na sitakuwa tena na mtu wa kumsingizia. Kwa hiyo wote watakaokupungia mkono siku ya kuagana watasikitika kwa adabu, ila anayeomba kwa dhati usiondoke ni mimi.