Siku Bwana Alipoinua Leso ya Vyuma

Bwana asifiwe! Mnaoniangalia mikono, ndiyo, ni grisi. Nimesugua kwa sabuni ya unga, haikutoka, nikasema nitakuja nayo hivi hivi, Mungu ananijua. Asubuhi hii nimebadilisha oili ya pikipiki kabla ya kuja ibadani. Nisingewachosha na habari za oili kama zisingekuwa ushuhuda, kwa hiyo nivumilieni.

Ndugu zangu, wengi mlimjua Baba Neema, mume wangu. Alibeba abiria kwa pikipiki kituo cha Makupa, na alikuwa mwepesi wa kucheka kuliko mimi, hilo halihitaji shahidi. Tulipanga chumba cha chini katika nyumba ya Bi Salma, Mji wa Kale, na humo tukaishi sisi, binti yetu Neema, na pikipiki. Aliiingiza ndani kila jioni kwa sababu ya wezi na upepo wa chumvi. Kazi yangu ni kupinda leso. Asubuhi alinipakia na furushi langu, akanishusha Biashara Street kwenye duka ninalopindia, naye akaenda zake kituoni. Jumamosi mimi nilikaa kwenye cherehani, yeye sakafuni na spana zake, akinieleza kila anachofanya. Nilikuwa naitikia "mm" huku akili iko kwenye mshono.

Jumamosi moja akasema injini inakula oili, ringi zimekwisha. Akanunua ringi mpya na gasketi. Akatandaza leso yangu kuukuu kutoka mlangoni mpaka ukutani, akaanza kufungua. Kila alichokitoa alikipanga kwa mstari, cha kwanza upande wa mlango, cha mwisho upande wa ukuta. "Mtu akifungua hivi hapotei," akaniambia. "Akirudisha anaanzia ukutani, anakuja mlangoni." Nikasema mm. Alipofika kwenye pistoni akashika kifua. Akanawa mikono, akasema atamalizia kesho. Kesho yake tulikuwa hospitalini, na wiki ile ile tukamzika kwao Rabai.

Niliporudi kutoka matangani, leso ilikuwa pale pale. Wapendwa, sikuweza kuiinua. Nilijifunza kupita kando nikienda kwenye stovu, mgongo umegusa ukuta. Na kwa kuwa hewa yetu hii inakula chuma, kila Jumamosi nilichukua kitambaa na oili nikapangusa kimoja kimoja, kisha nikakirudisha palepale kilipokuwa. Waliokuja kunipa pole niliwaambia ni heshima kwa marehemu. Haikuwa heshima. Nilikuwa naogopa kwamba kitu kimoja kikihama, basi amekufa kweli.

Neema alikuwa ndio kwanza ameanza shule. Siku moja aliokota plagi pale kwenye leso akaipuliza kama filimbi. Nilipiga ukelele mpaka Bi Salma akashuka ngazi mbio. Mtoto alijificha nyuma ya cherehani, na mimi, badala ya kuondoa vyuma, nikamwondoa mtoto. Nilimpeleka Rabai kwa mamangu, maana kwetu pia ni huko huko. Nilipokuwa nikimfunga viatu akaniuliza, "Mama, vile vyuma vikitoka, nitarudi?" Nikafunga kiatu cha pili. Ndugu zangu, hicho ndicho kifungo ninachokuja kukisimulia leo. Nilikuwa na mtoto mmoja na injini moja, na nikachagua injini.

Baada ya hapo hata kutoka niliacha. Leso za kupinda zikapewa wengine. Kikundi cha maombi kilikuja nyumbani, Mungu awabariki, na dada mmoja, simtaji, akasema vile vyuma vina roho ya mauti na lazima vipakwe mafuta. Akaniuliza kama ninayo. Nikampa niliyokuwa nayo, ya injini. Akapaka. Basi wiki hiyo pistoni ya Baba Neema ilipakwa mafuta mara mbili, na mimi nikabaki nilivyokuwa.

Kisha akaja Bi Salma. Alisimama mlangoni, hakuingia, kwa kuwa mahali pa kukanyaga hapakuwapo.

"Mamake Neema, sikuja kukufukuza," akasema. "Lakini sakafu hini imepasuka, maji yapanda kutoka chini. Jumatatu fundi aja kuivunda. Vitu hivi viwe vimeondoka."

"Bi Salma, siwezi."

"Nami n'lipofiwa na wangu n'lisema siwezi. Mola akupe subira, mwanangu. Lakini Jumatatu sakafu yavundwa."

Nikampigia simu shemeji yangu Charo, mdogo wa marehemu, naye pia ni mwendesha pikipiki. Nikamwambia aje Jumamosi na gunia, achukue vyote apeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana mikono yangu haikubali. Asubuhi ya Jumamosi hiyo nilipiga magoti kando ya leso. Sikuomba maombi marefu. Nilisema, "Bwana, mimi sina nguvu ya kuhamisha hata nati. Kama hiki kitu kitainuliwa, kiinue Wewe. Na mtoto wangu nirudishie Wewe." Nilikuwa bado niko magotini Charo alipobisha hodi.

Charo si mtu wa maneno. Alifungua gunia, akainama pale mlangoni, akashika kabureta akaitumbukiza ndani. Niliposikia ule mlio nikasema, "Itoe, weka chini."

"Shemeji, umeniita wewe mwenyewe."

"Nimekuita. Weka chini. Huanzii mlangoni, unaanzia ukutani."

Ndugu zangu, hayo maneno yalinitoka kinywani nikiyasikia kama ninyi mnavyoyasikia sasa! Nilipotazama, pistoni ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeiinua, na safari hii si kwa kuipangusa. Nilingoja dari ianguke, haikuanguka. Nikamwonyesha Charo, "Mshale huu unatazama upande wa ekzosi. Na hizi ringi mpya, midomo yake, hizi nafasi zilizokatika, isikae mahali pamoja, la sivyo injini itarudia kula oili."

Charo akakaa chini. "Nani amekufundisha?"

Nikataka kusema hakuna, ikanijia sauti ya mume wangu, Jumamosi baada ya Jumamosi, na zile mm zangu. Kumbe nilikuwa nasikiliza! Na miezi yote ile niliyodhani naomboleza juu ya vyuma, nilikuwa naishika ile njia kwa vidole, kutoka ukutani mpaka mlangoni. Bwana hakuniacha hata pale nilipokuwa nimejifungia mwenyewe. Alinifundisha kazi ndani ya kifungo changu, na mimi sikujua kama niko darasani. Nililia, Charo akalia, kisha tukapiga magoti juu ya gunia lake tukaanza.

Mambo ya valvu aliyajua yeye, mpangilio niliujua mimi. Pistoni ikaingia, silinda ikaketi, hedi ikafuata. Kila tulichokifunga kilipunguza kitu kimoja kwenye leso, nami kila mara nilijiangalia kama bado napumua. Alasiri tukafika mlangoni. Tukamwaga petroli iliyolala, tukatia mpya. Charo akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena mpaka shati likamganda mgongoni, kimya. Akaniangalia kwa huruma, nami nikaona anatafuta namna ya kuniambia basi.

"Shemeji," nikamwambia, "koki ya petroli umeifungua?"

Hakuwa ameifungua. Alicheka hadi akaegemea ukuta. Akafungua, nikamsogeza, nikapiga kiki mimi, na ikawaka! Wapendwa, iliwaka! Moshi ukajaa chumba kizima. Bi Salma akashuka ameziba pua kwa mtandio, akauliza kama twamtilia moto nyumba, halafu akaona mahali pa kukanyaga. Akaingia ndani. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. Nikaikunja leso ile, nikaitia kwenye beseni la kufulia. Haleluya!

Jumatatu sakafu ikavunjwa. Charo akanifundisha kuendesha kwenye uwanja mmoja Tudor. Nilianguka, nikaamka, nikaichubua taa ya nyuma nikaitengeneza mwenyewe. Nikasoma, nikafanya mtihani, nikapata leseni. Asubuhi ya kwanza baada ya hapo sikwenda Biashara Street. Nilishika njia ya Makupa, malori kushoto, malori kulia, nikiimba ndani ya helmeti kwa sauti ambayo ningekuwa kwaya mngenitoa nje.

Rabai nilifika saa za chakula. Neema alikuwa nyuma ya nyumba. Alisikia ule mlio kabla hajaniona, kwa kuwa mlio wa pikipiki ya babake anaujua, na akaja mbio akiita, "Baba!"

Ndugu zangu, nilidhani nimemaliza kujaribiwa. Nilivua helmeti, akasimama. Tulitazamana. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kuzima injini. Akaja polepole akaweka kiganja juu ya tangi, akanitazama mikono.

"Vimetoka?" akauliza.

"Vimetoka vyote. Vimo humu ndani."

"Umevirudisha wewe?"

"Mimi na amu yako. Na Mungu."

Akafikiri kidogo. Kisha akaingia ndani, akatoka na begi lake la shule mgongoni, akamwambia bibi yake kwaheri.

Leo anasoma hapa mjini, na mimi nina leso nyingi za kupinda kuliko nilizokuwa nazo kwanza, na kina mama wenzangu wanaopinda ninawapelekea mafurushi yao madukani kwa pikipiki. Hayo yote ni Bwana. Hakunirudishia mume, na sitamdanganya mtu hapa kwamba pengo lake haliumi. Linauma. Lakini nalia nikiwa njiani, sikai tena chini nikililinda.

Na kuna mtu humu, simtaji, anajijua, ambaye viatu vya marehemu mumewe bado viko mlangoni kwake na hakuna ruhusa ya kuvigusa. Dada yangu, sitakwambia uvitoe. Mimi niliambiwa na watu wazima wenye akili, sikusikia. Nakuomba kitu kimoja tu, umwamini Yeye aliyeingia chumbani kwangu wakati hapakuwa na pa kukanyaga. Ibada ikiisha usitafute gari. Helmeti ya pili nimeitundika kwenye usukani. Panda nyuma, nishike kiuno kwa nguvu, nikupeleke nyumbani, na tukifika nitaingia nawe ndani.