Protini ya Mtoto Kwenye Damu ya Mita

Benchi la Wilkista muuza kahawa pale Matisi, ukitoka mjini Kitale, mwaka ule wa tisini na mbili lilikuwa na sheria moja tu: mwenye kesi hasemi. Ukileta jambo lako unalieleza mara moja, kisha unafunga mdomo mpaka birika la kahawa liishe, wenzako wakikuamulia. Sheria hiyo ilikwisha kuvunja ndoa mbili na kuuza ng'ombe mmoja ambaye hakustahili kuuzwa, lakini hakuna aliyewahi kuipinga. Jumanne hiyo kesi ilikuwa ya Kiplagat, ambaye wote walimwita Mita kwa kuwa miaka ishirini alipima unyevu wa mahindi kwa mita kwenye ghala la nafaka. Alikaa mwisho wa benchi, karatasi ya daktari gotini.

Daktari alimweleza vizuri, na yeye akawaeleza wenzake. Kuna protini ambayo ini la mtoto hutengeneza akiwa tumboni mwa mama. Mtoto akizaliwa na kukua kidogo, ini huiacha kazi hiyo. Ikionekana nyingi kwenye damu ya mtu mzima, daktari hushuku saratani ya ini, na ya Mita ilikuwa nyingi mno. Alhamisi alitakiwa hospitali kubwa ya Eldoret, watoe kinyama kidogo cha ini wahakikishe. Uvimbe ukiwa bado mdogo wataukata, halafu wawe wanapima protini ile ile: ikishuka ni heri, ikipanda tena wajue umerudi. Jambo la mwisho ndilo lililomleta kijiweni: lazima aje na mtu wa kutia sahihi na kukaa naye. Bila mtu hawamgusi. Hilo hakulifikia, maana Wakili alimkatiza, na kwa sheria ya benchi zamu yake ikawa imekwisha.

Wakili alikuwa ametoa ushahidi mara moja katika kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo hajatoka mahakamani.

— Hii kesi ni rahisi, alisema. Protini imezidi. Protini iko wapi? Kwa maharagwe. Mita anakula maharagwe kila siku tangu bibi yake afariki.

— Na mayai, akaongeza Redio, mtu wa Bungoma, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

— Na mayai. Aache hiyo vitu mwezi mmoja, damu inarudi sawa. Eldoret ya nini?

— Lakini ngoja, Wakili. Si amesema hii ni protini ya mtoto? Sasa mtoto ako wapi?

— Mtoto gani, bana?

— Ako ndani! Kwetu kulikuwa na mzee alikuwa na pacha ndani ya tumbo. Hakuzaliwa, akabaki tu huko. Huyu wa Mita amengoja miaka hamsini na nane, sasa ndio anaanza kupiga kelele.

Wilkista alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mita naye alitabasamu, kwa kuwa hakutaka kuonekana mtu wa kununa. Ndani yake hakukuwa na kicheko. Jumapili iliyopita alikuwa amekwenda Bungoma kwa binti yake Cherono, akamkuta na mtoto wa wiki mbili kifuani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimpakata mjukuu, akawaza kwamba yeye na kale katoto wana kitu kimoja kwenye damu, na wazo hilo likamtia upweke ambao hakuujua hata siku ya mazishi ya mkewe. Akala wali, akarudi Kitale, karatasi bado imo mfukoni, hajamwonyesha.

— Kama ni pacha, Wakili alisema, basi huwezi kata. Hiyo ni kuua mtu. Nani atashtakiwa, daktari ama Mita?

— Na jina lake nani? Redio akauliza.

— Nyinyi wote hamjui kitu, Wilkista akaingilia. Hiyo damu ilipelekwa Nairobi na basi. Siku mbili kwa njia, jua linawaka, si itachacha kama uji? Halafu huko wakachanganya chupa. Hiyo ni damu ya mama mwenye mimba.

Redio aliweka kikombe chini.

— Ati sasa kuna mama Nairobi ameambiwa yeye ni mzee wa Matisi?

— Analia huko saa hii!

Mita aliinua kichwa. Kwa muda kidogo aliitamani ile chupa iliyochanganywa, akaipenda hata. Lakini alikuwa amepima mahindi miaka mingi mno. Alijua mtu mwenye gunia bovu ndiye wa kwanza kusema mita imeharibika. Alifungua mdomo, Wakili akamwinulia kidole.

— Mwenye kesi! Bado kuna kahawa. Sasa tumeamua: maharagwe hapana, mayai hapana, Eldoret hapana. Akae hapa na sisi.

— Na tukimuona ananenepa tumbo, Redio alisema, tunatafuta mkunga.

Nyaruai, mama aliyehamia nyumba ya nyuma wiki hiyo hiyo, alikuwa amesimama kando akingoja Wilkista amjazie chupa ya chai. Sheria ya benchi hakuwa ameisikia.

— Samahani, wazee. Hospitali kubwa hawapasui mtu akiwa peke yake. Huyu baba, Alhamisi anaenda na nani?

Wakili aliangalia barabara. Redio alianza kufunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa. Wilkista akachukua kitambaa, akafuta kikombe kisafi.

— Hiyo ndiyo nilikuja kuwauliza, alisema Mita.

Kahawa ilikuwa bado ipo, lakini hakuna aliyemkataza. Aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka.

Redio aliacha kamba ya kiatu.

— Gari ya Eldoret inatoka saa ngapi?

— Saa kumi na moja asubuhi.

— Ii, Redio akasema. Hiyo ni mapema sana, bana.