Eustaki Urbano na Chungu cha Majaribio

Marehemu Eustaki Urbano alizaliwa Mwimbi tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa kwanza wa Mzee Urbano na Mama Silvana. Wa pili alikuwa Leonardi. Mimi Adela, ninayewasomea haya, ni kitindamimba.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akajifunza udereva, na mwaka 1966 akaajiriwa na kampuni moja ya malori mjini Sumbawanga. Alikuwa dereva wa kusimamisha lori kumpisha kuku na vifaranga wake. Leonardi, aliyemfuata kazini, alimtania, "Kaka, mahindi ya watu yatafika yameota."

Julai 1969 alifunga ndoa na Cornelia, binti wa Mzee Modesti wa Chala.

Mwaka 1981 walikuja watafiti na kompyuta. Madereva walibonyeza kitufe kila alama ilipowaka kwenye kioo, ipimwe jinsi uchovu, kelele na pombe vinavyowapunguzia wepesi. Siku ya pombe, chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi inayonywewa kwa mirija, kilifunguliwa na Mzee Modesti, aliyealikwa kwa heshima ya uzee wake, naye akaketi kunywa nao. Kwetu mkwe hanywi chungu kimoja na baba mkwe, na kuinuka mbele ya watu ni kumtukana. Basi Eustaki alishika mrija mdomoni, asivute. Kompyuta ikamtaja wa kwanza kwa wepesi. Wenzake wakamshangilia. Alitaka kusema kwamba hakunywa, akaona haya.

"Kama kaka kanywa na mashine imemsifu," Leonardi alisema, "mimi kimpumu kitanifanya nini?"

Tarehe 3 Oktoba Leonardi alikunywa, akashusha lori kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, likapinduka. Tulimzika Jumatatu.

Eustaki alirudisha funguo za lori, akaacha kazi. Tangu hapo, Cornelia akiwasha kibatari, kidole cha mumewe kilibonyeza meza. Tuliogopa kuwasha taa mbele yake.

Mei 1984 alishikwa na homa ya mapafu. Hospitalini aliomba aitwe Mzee Modesti, akamwambia yote.

"Niliona, mwanangu," mzee alijibu. "Mrija wako haukupandisha kitu. Nikafurahi kwamba unaniheshimu, nikanyamaza."

Marehemu aligeukia ukutani. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni.

Ameacha mjane, watoto wanne, mimi mdogo wake, na Mzee Modesti, ambaye tangu jana hajaketi wala kula.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko. Na Leonardi ampokee bila kumuuliza kitu.